Trekta Linapogoma Kuwaka: Moshi, Upepo na Haraka ya Msimu

“Limezimika lenyewe, au wewe ndiye uliyelizima?” Hilo ndilo swali ambalo mzee aliyenifunza ufundi humuuliza dereva kabla hajashuka kwenye pikipiki na kabla hajafungua mfuko wa spana. Madereva wengi huliona kuwa swali la kupoteza muda, kwa sababu wao wanataka kuona nati zikifunguliwa. Hata hivyo jibu lake hupunguza nusu ya kazi. Trekta lililopungua nguvu likiwa katikati ya shamba, likatetemeka, likazimika taratibu, karibu kila mara limekosa mafuta au limevuta hewa. Lile lililozimwa jioni likiwa zima na asubuhi likakataa, kwanza litazamwe betri, waya wa kuzimia, baridi, na viungo vya mabomba ambavyo huenda vimeruhusu mafuta kurudi tangini usiku kucha. Na lile lililozimika kwa kishindo, kisha stata ikashindwa hata kulisogeza, lisiguswe tena ufunguo wake mpaka oili na maji ya rejeta vikaguliwe, kwani huenda injini imekwama na kila jaribio la kuiwasha linaongeza hasara.

Ninafanya kazi hii katika Wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara, ambako matrekta mengi hulima kwa kukodishwa. Mvua za kwanza zikidondoka mwishoni mwa mwaka, kila mwenye shamba la mahindi anataka alimiwe wiki hiyo hiyo, na mwenye trekta amekwisha kupokea malipo ya awali ya watu kadhaa. Trekta likigoma siku kama hiyo, simu hazikatiki. Dereva anapiga stata mpaka betri inakata roho, jirani analeta petroli kwenye kopo, kijana mmoja anafungua mabomba ya nozeli yote kwa pamoja, na mwingine anapendekeza pampu ishushwe ipelekwe mjini. Nimeona zaidi ya mara moja trekta lililoanza na tatizo la washa, yaani pete ya kuzibia, ya shaba isiyozidi ukubwa wa ukucha likamaliza siku likiwa na stata iliyoungua. Kwa maoni yangu, haraka hiyo hugharimu zaidi kuliko ubovu wenyewe, na njia ya kuikabili ni kufuata mpangilio: sikiliza, tazama, kisha fungua, ukianza na kisichogharimu kitu.

Matrekta ninayoyazungumzia ni yale ambayo fundi wa kijijini anaweza kuyamaliza kwa spana, bisibisi na taa ya kupimia umeme: Massey Ferguson 290 yenye injini ya Perkins ya silinda 4, ndugu yake mdogo 240 yenye silinda 3, 135 za zamani ambazo bado zinavuta matela, na Ford za rika hilo. Perkins ilianzishwa mjini Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, nayo Massey Ferguson ikainunua mwaka 1959. Ndiyo sababu ukijua injini moja katika ukoo huo unajikuta unazijua nyingi, na vipuri vyake havikosekani kwenye maduka ya Arusha, Dodoma wala Morogoro, ingawa ubora wa vipuri hivyo ni mjadala mwingine unaohitaji siku yake.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inaingia ndani ya silinda, pistoni inaibana mpaka kiasi cha mara 16 au zaidi, na mbano huo unaipandisha joto hadi nyuzi 500 hivi pale injini inapozunguka kwa kasi inayofaa. Wakati huohuo nozeli inapuliza dizeli kwa umbo la ukungu, na ukungu huo unawaka wenyewe kwa kugusana na hewa yenye moto. Kwa hiyo injini inahitaji mambo matatu tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, ipate mafuta safi kwa wakati wake, na hewa iliyobanwa ipate joto. Likikosekana moja, trekta haliwaki hata ukilisomea dua. Kazi ya fundi ni kugundua ni lipi, na trekta lenyewe hulitaja mapema iwapo kuna anayelitazama.

Tuanze na trekta lililo kimya, ambalo ukigeuza ufunguo hakuna kinachosikika, au kunasikika mlio mmoja mdogo na basi. Kwenye Massey Ferguson nyingi, kabla ya kufikiria jambo lolote, angalia mkono mfupi wa gia ya kasi kubwa na ndogo. Kuna swichi ya usalama inayozuia stata kufanya kazi mpaka mkono huo uwe katikati, na trekta lililoegeshwa na mtu mwingine jana mara nyingi linagoma kwa sababu hiyo tu. Nimewahi kuitwa mbali, nikaketi kwenye kiti, nikausukuma mkono huo kwa vidole viwili, trekta likawaka. Malipo ya nauli nilipokea, na sikuona haya.

Mkono ukiwa mahali pake, washa taa za mbele kisha mwambie dereva apige stata huku wewe ukitazama mwanga. Taa zisizowaka kabisa zinaashiria betri iliyokwisha au tamino (kishikio cha waya kwenye betri) iliyoachia. Taa zinazowaka vizuri halafu zikafifia karibu kuzimika stata inapoitwa zinaonyesha betri dhaifu au mguso mbaya kwenye tamino. Taa zinazobaki na mwanga uleule huku stata ikiwa kimya zinaonyesha kwamba umeme haufiki kwenye stata, na hapo ndipo unafuata swichi ya ufunguo, swichi ya usalama na waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku-umeme inayoiamsha stata. Mwenye mita apime betri ikiwa imepumzika: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.0 ni betri iliyokaribia kuisha, na stata inapozungusha injini kipimo kisishuke chini ya volti 9.6 hivi. Waya unaosahaulika kuliko zote ni ule wa arthi. Watu wanasugua tamino zote mbili za betri mpaka zing’ae, wakaacha ncha ya pili ya waya wa arthi ikiwa imefungwa juu ya rangi na kutu kwenye bodi ya trekta. Stata inavuta amperi mia kadhaa kwa mara moja, na mkondo mkubwa hivyo haupiti kwenye kutu.

Hapa lazima niseme juu ya bisibisi. Ni desturi iliyozoeleka kuunganisha vichwa viwili vya solenoidi kwa bisibisi au spana ili stata izunguke bila ufunguo, na mafundi wengine huifanya mbele ya watu kama onyesho la ujuzi. Njia hiyo inairuka swichi ya usalama. Anayeifanya husimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na trekta likiwa ndani ya gia litawaka na kuondoka papo hapo, gurudumu kubwa la nyuma likimpitia yeye. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, na watengenezaji hubandika onyo karibu na stata kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka kujua kama stata ni nzima, toa gia zote mbili kwanza, funga breki ya mkono, weka kizuizi kwenye gurudumu, na umeme wa majaribio uupeleke kwenye kichwa kidogo cha solenoidi kwa waya mrefu ukiwa umesimama pembeni, mbali na njia ya magurudumu.

Trekta linalozunguka kwa uvivu ni suala jingine, nalo huwadanganya wengi kwa sababu linatoa matumaini. Sauti ya stata inasikika, injini inasogea, dereva anaamini kwamba bado kidogo. Ila mbano wa polepole haupandishi joto. Hewa inapata nafasi ya kuvuja pembeni mwa ringi, na moto wake unaishia kwenye kuta za silinda kabla dizeli haijapulizwa. Chini ya mizunguko 150 hivi kwa dakika, injini nyingi za aina hii haziwaki asubuhi, hata zikiwa nzima. Basi chaji betri au azima nyingine, usiendelee kuikamua. Stata ipigwe kwa sekunde zisizozidi 15, kisha ipumzike dakika nzima, maana inapochemka inaungua ndani bila kutoa ishara. Na kwa wale wa nyanda za baridi kama Hanang, oili nzito ya namba 40 inayouzwa kwa kipimo kutoka kwenye pipa inaweza peke yake kuifanya injini iliyokuwa inawaka mjini Kibaya, huku kwetu Kiteto, ikatae kuwaka Katesh, mji wa Hanang, mwezi wa Julai. Ya 15W-40 inaondoa malalamiko mengi.

Sasa tuseme injini inazunguka kwa kasi nzuri, na bado haiwaki. Hapa simama mahali unapoona bomba la moshi, na umwachie mtu mwingine ufunguo. Kama hakuna moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda, na hakuna sababu ya kuzungumzia ringi, valvu wala kichwa cha injini. Kama moshi mweupe unatoka, mafuta yanafika ila hayaungui. Moshi mweusi wakati wa kuwasha ni nadra, na mara nyingi unaashiria hewa iliyozuiwa, kwa hiyo fungua chujio la hewa utazame: makapi, vumbi lililoganda kwa oili, wakati mwingine kiota. Dalili hii moja ya moshi inagawa ramani nzima, lakini kila msimu ninakuta watu waliofungua upande usiohusika kwa sababu hakuna aliyeinua macho.

Pasipo moshi, shuka hatua kwa hatua kutoka tangini. Usiamini geji ya mafuta, chomeka kijiti kisafi. Koki iko wazi? Waya wa kuzimia umerudi mahali pake? Kwenye matrekta haya injini huzimwa kwa kuvuta kitasa, ambacho kinavuta waya hadi kwenye mkono mdogo wa pampu ya nozeli, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye nozeli, na kufunga mafuta. Waya ukishika kutu ndani ya ganda lake, kitasa kinarudi lakini mkono wa pampu unabaki umefungwa. Mwambie mtu asukume kitasa huku wewe ukiuangalia mkono wenyewe kwenye pampu, usitosheke na kutazama kitasa. Kwenye matrekta ya karibuni kazi hiyo inafanywa na solenoidi iliyo juu ya pampu, nayo ufunguo unapogeuzwa inatakiwa kutoa mlio mmoja mfupi unaosikika ukikaribia. Kama iko kimya, tafuta fyuzi na waya wake kabla ya kulaumu pampu.

Kifuniko cha tangi nacho kinapaswa kupitisha hewa. Tundu lake likizibwa na tope au na nyigu wajengao kwa udongo, mafuta yanaposhuka tangi linajivuta ndani, na baada ya saa moja au mbili za kulima injini inazimika kana kwamba imekauka. Ukilegeza kifuniko unasikia hewa ikiingia kwa nguvu, na trekta linawaka. Kisha dereva anakifunga tena kwa nguvu zote, na mchezo unarudia mbele kidogo.

Baada ya tangi kuna bakuli la kuchujia, kisha pampu ndogo inayovuta mafuta, kisha filta. Mimina mafuta ya chini ya filta kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatajitenga chini kama tabaka lenye ukingo unaoonekana wazi, na juu ya ukingo huo wakati mwingine kuna utelezi mweusi wa vijidudu vinavyoishi pale mafuta yanapokutana na maji. Maji hayo yanatoka wapi? Kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye mapipa na madumu. Dizeli ya kulimia shamba lililo mbali na kituo huletwa kwa pipa lililolala nje usiku na mchana, mvua ikituama juu ya kifuniko, na asubuhi inavutwa kwa mpira ambao ncha yake imegusa chini kabisa. Pipa lililoinamishwa kidogo, mpira ulioinuliwa kiganja kimoja kutoka chini, na tangi linalojazwa jioni ili hewa yenye unyevu isipate nafasi ndani yake, ni mambo yasiyogharimu senti.

Uchakachuaji ni habari nyingine. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa na bei ya chini, hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 na serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata. Dizeli yenye mafuta ya taa haizuii trekta kuwaka leo. Kinachotokea ni kwamba pampu ya nozeli haina oili yake, inalainishwa na dizeli ileile inayoipitisha, na mafuta ya taa ni makavu mno kwa kazi hiyo. Madhara yake yatakuja baadaye, na nitayarudia.

Mafuta yakiwa safi na filta ikiwa mpya, kinachobaki mara nyingi ni upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba. Dizeli haibanwi kirahisi, hewa inabanwa. Povu likiingia kwenye bomba la nozeli, pampu inasukuma, povu linajikunja, na nozeli inayohitaji msukumo wa angahewa 170 au zaidi ili ifunguke haifunguki. Ndiyo maana kila unapobadilisha filta au kuishiwa mafuta unapaswa kutoa upepo, na ndiyo maana dereva anayeliacha tangi likauke anawalipa mafundi kwa hiari yake.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko nguvu. Jaza tangi angalau nusu. Osha kwa brashi na dizeli eneo lote la filta na pampu, kwani chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye skrubu iliyo wazi itafanya uharibifu mkubwa kuliko upepo. Legeza skrubu iliyo juu ya filta mizunguko miwili hivi, kisha sukuma mafuta kwa mkono wa pampu ndogo. Kama mkono huo umelegea na hausukumi kitu, pampu si mbovu. Kemu ya injini (kinundu kinachozunguka na kuisukuma pampu hiyo) imeishikilia mahali pa juu, basi zungusha injini mzunguko mmoja na ujaribu tena. Mara ya kwanza skrubu itatoa mlio wa hewa, kisha povu jeupe linalochemka pembeni mwa nyuzi, kisha mafuta yenye vipovu vinavyopasuka kimoja kimoja, na hatimaye uzi wa dizeli safi usiokatika. Watu wengi hukaza skrubu kwenye hatua ya vipovu kwa kudhani imetosha. Endelea mpaka mafuta yateremke kimya bila kupasuka, na ukaze yakiwa bado yanatoka, ili hewa isipate mlango wa kurudi.

Hamia kwenye pampu ya nozeli. Pampu za kampuni ya CAV zilizo kwenye Perkins hizi zina skrubu mbili za kutolea upepo, moja ubavuni na nyingine juu ya kifuniko cha gavana (kidhibiti kasi). Legeza zote mbili, piga pampu ndogo kwa mkono mpaka mafuta safi yatoke, kisha kaza ya ubavuni kwanza na ya juu baadaye. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, vuta mkono wa aksileta hadi mwisho, hakikisha kitasa cha kuzimia kimesukumwa ndani, na upige stata mpaka mafuta yachuruzike kwenye nati hizo. Zikaze. Injini nyingi hushika kwa silinda zilizobaki hata kabla hujamaliza kukaza, ikikohoa na kutikisika, halafu taratibu inakaa sawa.

Wakati huo mikono iwe mbali na matundu ya nozeli. Dizeli inayotoka kwa msukumo wa namna hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo kama la mwiba, bila maumivu makubwa mwanzoni, ilhali ndani nyama inaoza. Aliyepigwa apelekwe hospitali palepale, na amwambie daktari kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha. Anayepima uvujaji kwa kidole badala ya kipande cha kadibodi anacheza na mkono wake.

Moshi mweupe una njia yake. Injini inapozunguka na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yapo na moto haupo. Asubuhi ya baridi jambo la kwanza ni hita iliyo kwenye bomba la kuingizia hewa. Perkins hizi hazina plagi ya joto katika kila silinda. Zina hita moja ambayo koili yake ikipata moto inafungua njia ya matone ya dizeli, matone yanawaka, na hewa inayoingia inapashwa. Shikilia ufunguo kwenye nafasi ya joto sekunde 15 hadi 20, kisha papasa bomba karibu na hita. Likiwa baridi, hita haifanyi kazi, na mara nyingi ni waya wake uliokatwa na fundi aliyesema hauna maana. Sababu nyingine ni nozeli zinazotiririsha badala ya kupuliza, muda wa pampu uliosogea baada ya mtu kuishusha na kuirudisha bila kutazama alama, au mbano uliopungua kwa ringi na valvu zilizochoka. Fundi mwenye geji atapima mbano wa kila silinda. Asiye nayo atalegeza kifuniko cha oili injini ikiwa inazungushwa, atazame kama hewa inapumua kwa nguvu kutoka chini, ingawa kipimo hicho ni cha kukisia.

Sipatani na kopo la petroli. Kitambaa kilicholoweshwa petroli na kuwekwa kwenye mdomo wa chujio la hewa kinaweza kuwasha injini, ndiyo, na kwa sababu kinaweza, mtu anakizoea. Petroli na etha ya kupuliza huwaka mapema mno, pistoni ikiwa bado inapanda, na mshindo huo unavunja ringi na kupinda fimbo zake. Na pale hita inapofanya kazi hatari ni ya papo hapo, kwani mvuke unakutana na koili nyekundu ndani ya bomba la hewa. Injini inayohitaji petroli kila asubuhi imekwisha kueleza kwamba mbano wake umekwisha au nozeli zake zimechoka, na jibu lake ni fedha za matengenezo.

Kuna trekta moja linalowachanganya hata mafundi wazoefu: linawaka asubuhi kwa kugusa tu, linalima vizuri, mchana dereva analizima ale chakula, na halikubali tena mpaka jioni lipoe. Hapa ndipo mafuta ya taa yanadai malipo yake. Nafasi kati ya rota, yaani mhimili unaozunguka ndani, na kichwa cha pampu ya nozeli ni sehemu chache tu za elfu moja ya milimita. Sehemu hizo zikilika, dizeli ya baridi bado ni nzito kiasi cha kuziba pengo, lakini dizeli iliyopata moto inakuwa nyepesi na kupenya pembeni, hivyo kwenye mzunguko mdogo wa stata presha haifiki kiwango cha kufungua nozeli. Ukifunika pampu kwa kitambaa chenye maji kwa muda na trekta likawaka, umepata ushahidi wako. Usimwage ndoo ya maji baridi juu ya pampu yenye moto huku injini ikizunguka, kwa kuwa rota inaweza kukwama na kuvunjika. Pampu ya namna hiyo haitengenezwi chini ya mwembe. Inakwenda kwenye karakana yenye mashine ya kupimia, na mwenye trekta aulize kabla ya kulipa kama kichwa na rota vinabadilishwa kwa pamoja, maana kubadilisha mpira na sili peke yake kutampa wiki chache tu za amani.

Baada ya trekta kuwaka, usilirudishe shambani papo hapo. Liache lingurume, futa viungo vyote vikauke, na utazame. Kiungo kilicho baada ya pampu ndogo kikiwa kibovu kinatoa tone unaloliona. Kiungo kilicho kati ya tangi na pampu ndogo hakidondoshi kitu kwa kuwa hapo kuna mvuto, kinaingiza hewa kimyakimya, na mafundi wengi hukipaka sabuni ya mche au kukizungushia uzi wa katani wakidhani wamekimaliza. Mimi hubeba kipande cha mpira unaoonyesha ndani, nikakiunga kwa muda kabla ya pampu ndogo na kuliacha trekta lifanye kazi kwa robo saa. Vipovu vikipita humo, ubovu uko nyuma kuelekea tangini, nami hubadilisha mpira wa zamani na klipu zake zote mbili bila kubembelezana na mwenye mali. Mpira ukionyesha dizeli tupu na trekta bado linazimika, hurudi kwenye washa za shaba za filta, ambazo hazigharimu hata bei ya soda na ambazo watu huzirudishia zilezile kila wanapobadilisha filta.